Simba imefungwa na Yanga tu msimu mzima, kombe limebaki Jangwani: pointi zilipotea wapi?

Lunyasi wa Temeke

Wakuu, salaam. Ligi Kuu ya 2024/25 imekwisha: Yanga 82, Simba 78, na kombe linabaki Jangwani, kwa Yanga, kwa msimu wa nne mfululizo. Mimi ni mwana Simba na inaniuma, ila naomba tujadili kwa namba. Matusi ya Makolo na Utopolo, majina ya kejeli ya Simba na Yanga, tuyaache nje ya uzi huu.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Msimu wote wa 2024/25 Simba imefungwa mechi mbili tu za ligi, na zote mbili ni dabi, yaani na Yanga: 1-0 tarehe 19 Oktoba 2024 na 2-0 tarehe 25 Juni 2025. Katika timu nyingine 14 hakuna iliyoifunga, iwe kwake iwe ugenini. Yanga nayo imefungwa mbili, na Azam 1-0 kisha Tabora United 3-1, tena ndani ya wiki moja ya Novemba. Ukitazama hivyo unajiuliza bingwa kapatikanaje.

Huku mtaani nasikia majibu matatu. Wapo wanaosema ni uchovu: fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na RS Berkane ya Morocco, safari, viporo (mechi za ligi zilizoahirishwa). Wapo wanaosema dabi ya 8 Machi iliyoahirishwa ingechezwa siku yake, hadithi ingekuwa nyingine. Na wapo wanaosema kikosi kilikuwa kipya, kocha Fadlu Davids msimu wake wa kwanza, tusubiri. Lipi lina uzito? Na Mnyama, yaani Simba, akitaka kombe msimu ujao, aanze kurekebisha wapi?

Daftari la Ligi

Mkuu, swali zuri. Nitaanza na hesabu maana msimu huu hesabu inasema kila kitu.

Mechi 30, pointi 90. Yanga imedondosha 8: tatu kwa Azam, tatu kwa Tabora, mbili kwa sare ya 0-0 na JKT Tanzania kule uwanja wa Isamuhyo tarehe 10 Februari. Simba imedondosha 12. Sita zimekwenda kwenye dabi mbili, sita nyingine kwenye sare tatu: Coastal Union 2-2 mwezi Oktoba, Fountain Gate 1-1 tarehe 6 Februari, Azam 2-2 tarehe 24 Februari.

Sasa toa dabi zote mbili kwenye msimamo. Kila timu inabaki na mechi 28 dhidi ya wapinzani walewale 14. Simba: ushindi 25, sare 3, pointi 78. Yanga: ushindi 25, sare 1, vipigo 2, pointi 76. Yaani kwa timu nyingine zote za ligi hii, Simba ilikuwa bora kuliko bingwa kwa pointi 2. Ubingwa umeamuliwa ndani ya dakika 180 za uwanja wa Kwa Mkapa. Mwana Simba yeyote anayetaka kuvunja timu nzima na kuanza upya, aanze kwa kuitazama hiyo namba.

Kuhusu uchovu, nakataa, kwa ligi angalau. Angalia tarehe za sare: Oktoba, Februari, Februari. Baada ya sare na Azam ya 24 Februari, Simba ilicheza mechi 9 za ligi kabla ya dabi ya mwisho na ikashinda zote 9. Katikati ya mechi hizo ndimo zilimo robo fainali na Al Masry, nusu fainali na Stellenbosch, na fainali mbili na Berkane. Viporo vya mwanzoni mwa Mei, vile vilivyopangwa karibu karibu kabla ya safari ya Morocco, vyote vilivunwa. Timu iliyochoka haivuni pointi 27 kati ya 27.

Uchovu uligharimu kombe jingine. Tarehe 25 Mei Simba ilicheza marudiano ya fainali pale Amaan, 28 Mei ikacheza kiporo cha ligi na Singida Black Stars ikashinda, halafu 31 Mei ikakutana na Singida hao hao Babati kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB, lile la hapa nchini, ikalala 3-1. Mechi tatu kwa siku saba, na ya kwanza ni fainali ya Afrika. Hapo ukisema miguu ilikwisha nakubali. Lakini baada ya hapo haikuwa na mechi ya mashindano hadi 18 Juni, na kutoka 18 hadi 25 Juni ratiba ya Simba na Yanga ilikuwa sawasawa: tarehe 18, 22, 25. Dabi haikuchezwa na timu moja iliyochoka na nyingine iliyopumzika.

Jangwani Mosi

Mtani, pole kwanza. Daftari kaweka hesabu vizuri, ila hesabu yake ya kutoa dabi inaficha kitu upande wetu, na mimi nataka kionekane.

Tulianza ligi kwa ushindi 8 katika mechi 8, bila kuruhusu bao hata moja, na dabi ya Oktoba ikiwemo. Halafu 2 Novemba tukakutana na Azam, beki wetu Ibrahim Bacca akala kadi nyekundu dakika ya 21, Gibril Sillah wa Azam akafunga, ikaisha 1-0. Siku tano baadaye Tabora United wakatuchapa 3-1, Offen Chikola mawili. Watu waliona Tabora kama ajali. Haikuwa ajali. Bacca alikuwa anatumikia adhabu, na ule mfumo wa kocha wetu Gamondi wa mabeki wa kati kusimama karibu na mstari wa kati ulimtegemea yeye afute mpira mrefu unaopigwa nyuma yao. Ukimtoa Bacca bila kuishusha safu ya ulinzi hatua kumi au kumi na tano, kila mpira mrefu unakuwa mbio kati ya winga wao na beki wako. Tabora walilisoma hilo na walicheza hivyo hivyo, mpira haukukaa kwenye miguu ya viungo wao, unapita juu tu.

Gamondi akaondoka katikati ya Novemba. Akaja Ramovic, naye akaondoka mwanzoni mwa Februari kwenda Belouizdad. Akaja Hamdi. Makocha watatu msimu mmoja! Kwenye Ligi ya Mabingwa tukaishia makundi, nafasi ya tatu nyuma ya Al Hilal na MC Alger. Kwa timu nyingine huo ni msimu uliokwisha.

Sasa hesabu yangu. Baada ya mechi 10 tulikuwa na pointi 24. Mechi 20 zilizofuata tumechukua 58 kati ya 60. Mbili tulizoacha ni zile za JKT, basi. Mechi 12 za mwisho tumeshinda zote 12, na humo tumewarudia Tabora kwao 3-0 na Azam 2-1. Simba wakishinda na sisi tunashinda, pumzi hakuna. Hapo ndipo ubingwa ulipotunzwa, mtani. Dabi ilikuja kugonga muhuri.

Na mshambuliaji wetu Prince Dube msimsahau. Alifika Desemba hajafunga kwenye ligi, watu wakamwandika vibaya kila siku, akaanza na mabao matatu kwa Mashujaa siku moja na kumaliza na 13. Mzize kamaliza na 14. Nyie mlikuwa na Ahoua, 16, mfungaji bora, namheshimu sana. Ila ukimziba Ahoua kwenye dabi, nani mwingine alikuwa anafunga?

Golikipa Namba Moja

Hakuna aliyegusa kitu ninachokiona mimi. Kwenye sare zote tatu za Simba, timu ilikuwa inaongoza.

Coastal: Tshabalala na Ateba waliweka 2-0 kabla ya mapumziko, ikarudi 2-2. Fountain Gate pale Babati: Ateba aliweka 1-0, ikarudi 1-1. Azam: walitangulia wao, Mpanzu akasawazisha, Hamza akaweka la pili, halafu Zidane Sereri akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Pointi sita, zote zilikuwa zimeshashikwa mkononi zikaponyoka.

Na bao la Fountain Gate nataka tulitazame kwa karibu, maana watu walimshambulia Ladack Chasambi mpaka ikawa aibu, kijana wa watu. Alirudisha mpira kwa kipa wake Camara, ukaenda moja kwa moja wavuni. Kosa la kwanza ni la mpigaji, ndiyo. Pasi ya kurudisha kwa kipa haipigwi kuelekea katikati ya milingoti. Inapigwa nje ya mwimo, upande ambao kipa amesimama, ili akiukosa uwe kona na si bao. Kitu hiki hufundishwa mapema sana na husahaulika mapema sana, hasa winga akiwa amegeuka mgongo na anapiga kwa kukisia kipa yuko wapi. Kipa naye ana sehemu yake: mpira ukiwa kwa mwenzake anayeweza kuurudisha, anasogea nje ya fremu ya goli na kuonyesha mkono wa upande anaotaka. Akibaki katikati, anamwalika mwenzake apige katikati.

Kuna jambo la sheria ambalo hata makipa wa ligi kubwa hulisahau. Pasi ya kurudishwa kwa mguu kipa haruhusiwi kuidaka, hilo kila mtu analijua. Adhabu yake je? Ni mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na hakuna kadi, hata kama mkono huo umezuia mpira kuingia wavuni. Kwa hiyo kipa akiona pasi inampita kuelekea golini, atupe mkono. Wapinzani watapewa mpira wa adhabu ndani ya boksi, timu nzima itajipanga kwenye mstari wa goli, na mara nyingi unazuilika. Bao halizuiliki likishaingia. Makipa wengi huacha mkono chini kwa sababu akilini wamebeba "usishike" bila kukumbuka bei ya kushika.

Mkumbuke na dabi ya Oktoba: dakika ya 86, Kelvin Kijili kajifunga. Sasa Daftari fanya hesabu yako hapo.

Daftari la Ligi

Nimeifanya, na nimeirudia mara mbili maana inauma.

Futa bao la Chasambi: Simba inashinda 1-0, inapata pointi 2 zaidi. Futa bao la Kijili: dabi inaisha 0-0, Simba inapata 1, Yanga inapoteza 2. Acha kila kitu kingine kama kilivyo, hata kipigo cha Juni. Simba 81, Yanga 80.

Mabao mawili ya kujifunga.

Najua mpira hauchezwi kwa "ingekuwa". Bao likifutwa mchezo wote unabadilika. Lakini inakuonyesha ukubwa wa pengo lenyewe, nalo si la kusajili wachezaji kumi na watano.

Lunyasi wa Temeke

Aisee. Hiyo 81 kwa 80 imenifanya niache chakula.

Golikipa, la kuongoza halafu kurudishwa sikuwa nimeliona. Nilikuwa nazihesabu sare kama mechi ngumu tu. Jangwani Mosi, makocha watatu na bado 58 kati ya 60, heshima yenu mnastahili.

Ila bado sijajibiwa la Machi. Dabi ya 8 Machi ingechezwa, si tungekuwa na presha ndogo kuliko ile ya Juni ya lazima ushinde?

Daftari la Ligi

Tuweke sawa kilichotokea, kwa wasiofuatilia. Mechi ilipangwa 8 Machi usiku, Yanga mwenyeji. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ilikwenda Kwa Mkapa kufanya mazoezi ikasema imezuiwa kuingia, na kanuni inampa mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi. Simba ikatangaza haichezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile. Yanga ikadai pointi tatu, ikafika hadi CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, bila kupata ilichotaka. Mechi ikapelekwa 15 Juni, kisha 25 Juni, na ndivyo ilivyogeuka kuwa mechi ya mwisho ya ligi.

Hali ya msimamo tarehe 8 Machi: Yanga 58 kwa mechi 22, Simba 54 kwa mechi 21. Simba ikitoka sare siku ile, pengo linabaki 4 na kiporo kimoja mkononi, hakuna anayelia. Juni hali ni nyingine: Yanga 79, Simba 78, sare inaipa Yanga kombe. Hapo uko sahihi, presha ilikuwa tofauti.

Lakini chukua hesabu ya mwisho. Baada ya Machi timu zote mbili zilishinda kila mechi nyingine. Kwa hiyo sare ya Machi ingetoa 80 kwa 79, Yanga bingwa. Ushindi wa Machi ungetoa 81 kwa 79, Simba bingwa. Juni ni vilevile kabisa. Simba ilihitaji kumfunga Yanga, Machi au Juni. Tofauti ni kwamba Machi Simba isingejua kuwa inahitaji.

Jangwani Mosi

Na mkizungumzia Machi mtaje na upande wetu. Machi tulikuwa na Aziz Ki. Juni alikuwa ameshakwenda Wydad. Kuchelewa kwa mechi kulitutoa mchezaji wetu mkubwa, hakukuwapunguza nyinyi.

Kuhusu mechi yenyewe ya 25 Juni. Anayehitaji sare akikutana na anayehitaji ushindi, saa nzima ya kwanza ni mali ya anayehitaji sare. Hatukuwa na haraka. Simba walijitahidi, ila kila dakika iliyopita ilikuwa inawasukuma mabeki wao wa pembeni mbele zaidi, na nyuma yao panabaki uwazi. Penati ya dakika ya 66, Pacome akaiweka. Kuanzia hapo walihitaji mabao mawili ndani ya dakika 24. Wakifungua zaidi, wanaacha nafasi zaidi. Mzize dakika ya 86, habari imekwisha. Tazameni dakika hiyo: 86 Oktoba, 86 Juni.

Dabi tano mfululizo kuanzia Novemba 2023 hadi Juni 2025: 5-1, 2-1, ile 1-0 ya Ngao ya Jamii, 1-0, 2-0. Mabao 11 kwa 2. Mara ya mwisho kabla ya hapo Simba kutufunga ndani ya dakika 90 ni Aprili 2023, 2-0, Inonga na Kibu. Hilo si suala la bahati ya siku moja, mtani, nalisema kwa upendo.

Chamazi Road

Nawasoma tangu asubuhi. Mimi ni wa Azam, timu iliyochukua pointi 4 kwa wakubwa wenu msimu huu, tatu kwa Yanga na moja kwa Simba, halafu ikamaliza na 63. Pointi 15 nyuma ya Simba! Kwa hiyo msilie sana wote wawili.

Nataka mtazame jambo ambalo mashabiki wa Simba wanalibeza. Msimu wa 2023/24 sisi na Simba tulimaliza na 69 kila mmoja, Azam ikawa ya pili kwa tofauti ya mabao. Sisi tukaenda Ligi ya Mabingwa, Simba ikaangukia Shirikisho. Mashabiki walilia kama msiba. Kuanguka huko ndiko kulikoipeleka fainali.

Na fainali ina thamani kwa nchi nzima. CAF, shirikisho la soka Afrika, inapanga nchi kwa pointi za miaka mitano, na mwaka wa karibuni huzidishwa kwa 5, uliotangulia kwa 4, na kushuka hadi 1. Mshindi wa pili wa Shirikisho anapewa 4, kwa hiyo Simba imeingiza 4 mara 5, pointi 20. Wa tatu kwenye kundi la Ligi ya Mabingwa anapewa 2, Yanga imeingiza 10. Nchi 12 za juu ndizo zinazopeleka timu mbili Mabingwa na mbili Shirikisho. Ndiyo maana kwa msimu wa 2025/26 nafasi ya pili inakwenda Mabingwa, na sisi Azam pamoja na Singida Black Stars tunakwenda Shirikisho. Shabiki wa Singida anapanda ndege kwa pointi zilizovunwa na Simba na Yanga. Mkibishana nani kafeli, mkumbuke hilo.

Mwaka wa tano pointi hizo zitakuwa zinazidishwa kwa 1 tu, halafu zinafutika. Kwa hiyo hakuna kukaa. Kila msimu nchi inahitaji angalau timu moja ifike robo fainali au zaidi, la sivyo nafasi nne zinarudi kuwa mbili.

Golikipa Namba Moja

Lunyasi aliuliza aanze kurekebisha wapi. Nijibu upande wa kulinda uongozi, maana ndiko pointi sita zilikokwenda.

Timu inayoongoza kwa bao moja kuanzia dakika ya 75 ina mambo ya kufanya, na mengi hayahitaji mchezaji mpya. Mabadiliko ni matano lakini vituo, yaani nafasi za kusimamisha mchezo ili kuyafanya, ni vitatu, mapumziko hayahesabiwi. Kocha akitumia vituo viwili kabla ya dakika ya 65 kusaka bao, dakika ya 80 anabaki na kituo kimoja, na mchezaji mmoja akiumia kimekwisha. Bora mabadiliko ya kushambulia yafanywe wakati wa mapumziko, ambapo hayali kituo. Kisha dakika ya 75 hadi 80 aingie namba sita (kiungo mkabaji) wa pili na winga mwenye mapafu mapya. Winga mmoja aliyechoka anamwacha beki wa pembeni peke yake na watu wawili, na krosi za mwisho hutoka huko.

Halafu mpira wa pili. Bao nyingi za kusawazisha dakika za mwisho hazitoki kwenye krosi yenyewe. Beki anaruka, anapiga kichwa, mpira unaangukia hatua mbili nje ya boksi na hakuna mtu pale kwa sababu viungo wote wamerudi kusimama kwenye mstari wa mita sita. Kiungo mmoja lazima abaki kwenye duara la boksi, hata kama roho inamvuta arudi ndani. Ni jambo la kufanyia mazoezi dakika ishirini kila wiki, watu nane wakilinda na sita wakirusha krosi, na bao lihesabiwe mara mbili likitoka kwenye mpira wa pili.

Daftari la Ligi

Naongeza kimoja, kisha nalala. Pointi za ubingwa zinapanda kila msimu. Yanga imechukua kwa 74, 78, 80, na sasa 82. Simba kwenye misimu hiyohiyo: 61, 73, 69, 78. Ile 78 ya Simba ya msimu huu ingelingana na ya bingwa wa 2022/23, na ingepita ya 2021/22 ambapo Yanga haikufungwa hata mechi moja lakini ilitoka sare 8. Siku hizi sare 8 zinakuweka nafasi ya tatu. Kwa hiyo anayepanga msimu ujao apange kudondosha pointi zisizozidi 7 au 8 kwenye mechi 30. Ukitoa dabi mbili ulizotoka sare, tayari 4 zimekwenda. Unabaki na sare mbili tu za kuruhusiwa, Babati, Mbeya, Kigoma, popote.

Lunyasi wa Temeke

Sare mbili tu. Sawa, nimeiandika.

Chamazi Road, lile la pointi za CAF sikuwa nalijua kwa undani huo, nimelituma kwenye kundi letu la tawi. Jangwani Mosi, kombe la nne mmelipata kwa jasho, hongereni. Golikipa, ukipata muda eleza na namna ya kujipanga kwa ule mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya boksi, kuna anayebisha hapa kwamba ukuta hauruhusiwi kusimama chini ya mita tisa.

Golikipa Namba Moja

Ukuta unaruhusiwa kuwa karibu zaidi ya hapo kama umesimama juu ya mstari wa goli lenu, kati ya milingoti miwili. Hapo tu. Kwa hiyo wote 11 mnarudi mstarini, kipa katikati, wafupi pembeni na warefu katikati, na wawili wenye kasi wanatoka mbio kumfuata mpigaji mara tu mpira unapoguswa na kusogea. Wakitoka kabla ya hapo, unarudiwa.